Panya, Viroboto na Tifasi: Ugonjwa Unavyotafutwa Bonde la Kilombero

Tifasi ya viroboto ni homa ambayo panya huibeba bila kuugua na kiroboto huisafirisha bila kudhurika, na anayeishia kitandani ni binadamu. Mazungumzo ya leo yanahusu jinsi ugonjwa huu unavyotafutwa na kutambuliwa, tena si kwa kuanzia na mgonjwa, bali kwa kuanzia na panya wenyewe na viroboto walio manyoyani mwao.

Kinacholeta homa hii ni bakteria wa jamii ya riketsia, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Rickettsia typhi. Bakteria huyu hawezi kuzaliana nje ya chembe hai. Akiingia mwilini mwa mtu hujipenyeza katika utando wa ndani wa mishipa midogo ya damu, na humo ndimo anamozaliana. Wiki moja hadi mbili baada ya kuambukizwa, mtu hupandwa na homa kali, kichwa humgonga, maungo humuuma, na baadhi hutokwa na vipele tumboni na kifuani. Katika ngozi nyeusi vipele hivyo havionekani kirahisi, kwa hiyo mara nyingi mganga hana cha kuona ila mtu mwenye homa. Ugonjwa huu si taifodi, ile homa ya matumbo inayoletwa na maji na vyakula vichafu. Wala si ile tifasi ya chawa iliyowaandama watu wa kambini huko Burundi mwaka 1997, ingawa bakteria wa magonjwa hayo mawili ni ndugu wa karibu, na undugu huo huleta taabu maabara, kama itakavyoelezwa mbele.

Je, kiroboto humwambukizaje mtu? Wengi hudhani ni kwa kuuma. Kuuma ni mlango tu. Kiroboto anaponyonya damu hujisaidia papo hapo juu ya ngozi, na riketsia wamo ndani ya kinyesi hicho. Mtu huwashwa, hujikuna, na kwa kucha zake mwenyewe hukisugua kinyesi ndani ya tundu la kuumwa. Kinyesi kikikauka huwa vumbi jembamba, na mtu anaweza kulivuta puani anapofagia ghala au anapokung'uta magunia yaliyokaa muda mrefu. Kiroboto aliyekwisha ambukizwa hukaa na riketsia maisha yake yote, wala hawampunguzii umri. Hapo ndipo anapoachana na kiroboto wa tauni, ambaye bakteria wa tauni humziba njia ya chakula na kumuua kwa njaa. Panya naye huwa na riketsia damuni kwa siku chache, pengine wiki moja au mbili, kisha mwili wake hutengeneza kingamwili. Riketsia wakishatoweka katika damu, kingamwili hubaki kwa muda mrefu. Msikilizaji na ashike jambo hili, kwa maana upimaji wote unalitegemea: damu ya panya husimulia yaliyopita, kiroboto husimulia ya sasa.

Sasa litaulizwa swali la haki kabisa. Kwa nini kumkimbilia panya ilhali wagonjwa wapo zahanati?

Jibu ni kwamba mwilini mwa binadamu tifasi hujificha nyuma ya homa nyingine. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa kina huko Dar es Salaam na hapo Ifakara. Malaria ilipatikana kwa takribani mtoto mmoja katika kila kumi. Wengi katika waliobaki walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa na virusi vya namna namna. Kule Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa sababu ya homa kati ya 2007 na 2008 walifuatiliwa. Zaidi ya nusu yao waliandikiwa malaria, na malaria yenyewe ikathibitika kwa pungufu ya wawili katika mia. Katika waliopimwa damu mara mbili, wanane katika mia walionekana kuambukizwa riketsia wa kundi linaloenezwa zaidi na kupe. Wa kundi la tifasi hawakufika hata mmoja katika mia.

Idadi hiyo ndogo ya Moshi isifanywe kuwa ndiyo ya nchi nzima. Tifasi ya viroboto ni ugonjwa wa mahali mahususi. Duniani kote huandamana na bandari, masoko, maghala ya nafaka na nyumba zenye panya wengi. Hospitali inayopokea wagonjwa kutoka migombani na milimani haiwezi kutoa jibu kwa ajili ya bonde la mpunga.

Lipo na tatizo la kipimo chenyewe. Kingamwili za mtu hupanda polepole. Siku mgonjwa anapofika Hospitali ya Lugala, wilayani Malinyi, damu yake huenda bado haijaonyesha chochote. Ili kuwa na hakika, huhitajika damu ya pili baada ya wiki mbili hadi nne, ionekane kama kingamwili zimepanda mara nne au zaidi. Ni nani atakayepanda bodaboda kutoka Ngoheranga kuja kutoa damu ya pili akiwa amekwisha pona na mpunga unamsubiri? Kutafuta riketsia wenyewe katika damu ya mtu nako hakutoshi, kwa kuwa wengi wao wamejificha katika kuta za mishipa na wachache tu ndio wanaoelea. Panya na kiroboto hawana taabu hizo. Hukamatwa walipo, na wanaweza kusema kama ugonjwa upo kijijini kabla mtu wa kwanza hajaugua.

Wazo la kumwendea panya lina karibu miaka mia moja. Baada ya Charles Nicolle kuthibitisha huko Tunis mwaka 1909 kwamba chawa hueneza tifasi, madaktari kwa miaka mingi waliamini kuwa kila penye tifasi pana chawa. Mwaka 1926 Kenneth Maxcy, daktari wa Marekani, alifuatilia wagonjwa wa majimbo ya Alabama na Georgia. Hawakuwa na chawa. Hawakuwaambukiza watu wa nyumbani kwao. Ila wengi walifanya kazi katika maduka ya vyakula, maghala ya nafaka na migahawa. Maxcy akasema kwamba mwenye kuhifadhi ugonjwa huu huenda ni panya, na mwenye kuuhamisha huenda ni kiroboto au mdudu mwingine anayemnyonya panya. Hakuwa na kipimo cha kumthibitishia hayo. Alikuwa na orodha ya wagonjwa, mahali wanapofanya kazi, na maswali yaliyoulizwa vizuri. Kazi ya namna hiyo inastahili heshima kubwa, na hata leo inaweza kufanywa na mganga wa zahanati mwenye daftari na kalamu.

Mwaka 1931 R. E. Dyer na wenzake walipata riketsia hao katika viroboto wa panya waliokamatwa mjini Baltimore. Mwaka huohuo Hermann Mooser na wenzake waliwapata katika panya wa mji wa Mexico. Njia yao ilikuwa ngumu na ya hatari. Walisaga viroboto, au ubongo wa panya, wakamdunga simbilisi dume, kisha wakangoja homa na uvimbe wa korodani. Siku zilipita nyingi kabla ya jibu, na walioshika vitu hivyo mikononi walikuwa katika hatari ya kuambukizwa wao wenyewe.

Na sasa mazungumzo yarudi bondeni. Malinyi ni wilaya iliyomegwa kutoka Ulanga, katika bonde la Kilombero, ambalo tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani. Watu wake ni wa mpunga kwanza. Msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi huhamia mashambani na kulala katika vibanda na madungu. Baada ya mavuno, magunia huja nyumbani, na si ajabu yakapangwa katika chumba kilekile wanamolala watoto, kwa sababu mpunga ni fedha na hauachwi nje. Karibu na nyumba zipo mashine za kukoboa, na pembeni mwa mashine zimo chungu za pumba. Yale maduka na maghala aliyoyaona Maxcy kule Georgia, hapa yamo ndani ya nyumba.

Panya wanaohusika zaidi ni wa aina mbili. Yupo panya wa darini, Rattus rattus, mwepesi wa kupanda, anayeishi na watu mwaka mzima. Yupo panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye jike lake laweza kuwa na chuchu ishirini na nne na kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Mashamba yakishavunwa, panya shamba huifuata nafaka. Basi hapo, katika ukuta mmoja wa udongo na chini ya rundo moja la magunia, panya wa darini na panya shamba hukutana, na viroboto hawaulizi ni panya yupi. Kwa hiyo uchunguzi unaotega darini peke yake haukamiliki, wala unaotega mashambani peke yake. Hutegwa ndani ya nyumba, kandokando ya nyumba, na shambani, tena katika msimu wa mvua na baada ya mavuno, ili ijulikane panya na viroboto huongezeka wapi na lini.

Kutega kwenyewe huanza kwa mtu kubisha hodi. Mtafiti hufika kwa mtendaji wa kijiji akiwa na kibali na barua ya utambulisho, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mwenye nyumba. Hatua hii isidharauliwe. Mwenye nyumba asipoelewa kinachotafutwa, atatandaza sumu ya panya usiku uleule kwa nia njema, na asubuhi itapatikana mizoga isiyo na kiroboto hata mmoja. Kiroboto hupenda mwili wenye joto. Panya akifa na kupoa, humhama. Ndiyo maana hutumika mitego inayokamata panya akiwa hai: sanduku la bati linalojifunga mlango, au tundu la waya. Chambo huwa karanga zilizosagwa na kuchanganywa na pumba au unga. Mitego hutegwa jua linapotua na hukaguliwa alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma bati.

Kila mtego wenye panya hutiwa mara moja katika mfuko wa kitambaa cheupe na kuandikwa nyumba, mahali ulipokuwa, na tarehe. Weupe una maana yake: kiroboto ni mwekundu wa kahawia, na juu ya kitambaa cheupe haponyoki machoni. Panya hulazwa usingizi kwa dawa, huwekwa juu ya beseni jeupe, na manyoya yake huchanwa kwa kitana au brashi kuelekea kichwani. Viroboto walio manyoyani huanguka wakiwa wamezubaa kwa ile dawa. Hutolewa kwa koleo ndogo na kutiwa katika kichupa cha ethanoli, panya mmoja kichupa chake. Vichupa visichanganywe kamwe, kwa maana kiroboto asiyejulikana ametoka kwa panya yupi amepoteza nusu ya habari zake. Wafanyao kazi hii huvaa glavu, mikono mirefu na barakoa, kwa ajili ya lile vumbi la kinyesi lililotajwa.

Hapo hupatikana kipimo cha kwanza, nacho hakihitaji maabara kubwa: idadi ya viroboto wote ikigawanywa kwa idadi ya panya waliochanwa. Kwa aina moja hasa, kiroboto wa panya aitwaye Xenopsylla cheopis, wastani ukizidi kiroboto mmoja kwa kila panya, kwa muda mrefu wataalamu wa magonjwa ya panya wamekuwa wakiuchukua kuwa dalili ya hatari.

Je, aina hiyo itajulikanaje? Viroboto wote huonekana sawa kwa macho matupu. Chini ya hadubini husomeka vizuri. Kiroboto wa paka, aliyejaa hata kwa mbwa wa vijijini, ana safu mbili za miiba iliyosimama kama meno ya kitana, moja shavuni na moja nyuma ya shingo. Xenopsylla hana safu hizo. Kichwa chake ni laini na cha mviringo. Kiroboto wa binadamu naye hana, lakini yeye hukosa ule mstari mzito alio nao Xenopsylla, uliosimama ubavuni, juu ya mguu wa kati. Kuna na viroboto wa kuku, wanaogandamana machoni mwa kuku na mara nyingine huonekana masikioni mwa panya. Kazi hii huchukua saa nyingi za kuinamia lenzi. Mwenye kuruka hatua hii hujikuta baadaye ana jibu la maabara asilojua ni la mdudu gani.

Viroboto wengine hawapo juu ya panya hata kidogo. Wamo sakafuni, katika mashimo, na chini ya mikeka. Kwa ajili ya hao Tanzania imechangia chombo chake. Profesa Bukheti Kilonzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, aliyetumia miaka mingi kuchunguza tauni na viroboto, jina lake limebaki katika mtego wa taa unaotumika hata nchini Uganda: chombo cha maji huwekwa sakafuni usiku pamoja na taa, viroboto huurukia mwanga, na huangukia majini. Kwa kuwa hao ndio viroboto walio tayari kumrukia mtu, taarifa yao ina uzito wa pekee.

Baada ya viroboto, huja damu ya panya. Damu kidogo huchukuliwa, huachwa igande, na majimaji yake ya juu hutengwa na kuhifadhiwa katika ubaridi mkali. Penye umeme wa kubahatisha, damu hudondoshwa juu ya karatasi ya kuchujia, ikakaushwa na kufungwa vizuri. Maabara hutumia kipimo cha mng'ao. Juu ya kioo hugandishwa riketsia waliouawa, halafu hudondoshewa majimaji ya damu ya panya. Kama mna kingamwili, zitawashika riketsia. Kisha huongezwa dawa inayozitambua kingamwili za panya, iliyofungwa rangi inayong'aa. Chini ya hadubini maalumu, penye kingamwili huonekana nukta za kijani katika giza. Majimaji huzimuliwa hatua kwa hatua ili ijulikane nguvu yake. Yakiendelea kung'aa hata baada ya kuzimuliwa mara sitini na nne, maabara nyingi huhesabu kuwa panya huyo amewahi kuambukizwa.

Amewahi. Neno hilo ndilo la kuangaliwa. Damu ya panya husimulia yaliyopita. Tena haisemi kwa ukamilifu, kwa sababu kingamwili za tifasi ya viroboto na za tifasi ya chawa hushika vitu vinavyofanana. Huu ndio ule undugu uliotajwa mwanzoni. Kipimo husema "kundi la tifasi" na kuishia hapo. Katika panya hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa chawa wa binadamu haishi mwilini mwa panya. Katika binadamu ni tatizo.

Anayeweza kusema ya sasa ni kiroboto, pamoja na vipande vya bandama au ini la panya. Hapa huingia kipimo cha PCR, ambacho Watanzania wengi walilisikia jina lake wakati wa korona. Viroboto wa aina moja kutoka kwa panya mmoja huoshwa nje, ili uchafu wa juu ya ngozi usihesabiwe kuwa umo ndani, kisha husagwa, na vinasaba vyao hutolewa. PCR hutafuta kipande cha kinasaba cha riketsia na kukirudufu mara mamilioni hadi kionekane. Katika kila mkupuo wa vichupa huwekwa vichupa vya maji matupu vilivyopitia hatua zote. Maji yakitoa jibu la "ndiyo", mkupuo wote hutupwa, maana vinasaba vimevuja kutoka chupa moja kwenda nyingine. Kusaga viroboto kadhaa pamoja hupunguza gharama, kwa sababu mara nyingi wenye riketsia ni wachache sana miongoni mwa wengi.

Lakini lipo kosa ambalo ni rahisi kutendeka, na kosa hilo laweza kutangaza ugonjwa usiokuwepo. Jamii ya riketsia ni kubwa. Baadhi ya vipimo vya PCR hutafuta kinasaba ambacho karibu riketsia wote wanacho, kama kile kiitwacho gltA. Jibu la "ndiyo" hapo lina maana moja tu: kuna riketsia fulani. Katika viroboto wa Afrika Mashariki, huyo fulani mara nyingi ni Rickettsia felis, wa kiroboto wa paka, au jamaa yake Rickettsia asembonensis, aliyepewa jina la Asembo, karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya, alikogunduliwa. Uwezo wa asembonensis kumsababishia mtu ugonjwa ni jambo tofauti kabisa na tifasi. Kwa hiyo baada ya jibu la kwanza ni lazima kifanywe kipimo cha pili kinachomlenga Rickettsia typhi peke yake, au mpangilio wa kinasaba usomwe herufi kwa herufi na kulinganishwa na ulio katika hazina za kimataifa. Uchunguzi usiofika hapo usiandike tifasi katika ripoti yake.

Majibu yakishatoka, yasomwe kwa pamoja. Chukua kijiji ambacho panya wengi wana kingamwili, ila hakuna kiroboto aliyepatikana na riketsia. Hapo ugonjwa umepita, au upo na viroboto waliokusanywa hawakutosha. Inabidi kurudi msimu mwingine. Chukua kijiji kingine ambacho viroboto wana riketsia na panya hawana kingamwili. Hapo huenda ugonjwa ndio kwanza unaingia, labda na panya waliokuja ndani ya lori la mizigo, na kijiji hicho kisingoje. Kiroboto mmoja mwenye vinasaba vya riketsia huenda amenyonya tu damu yenye riketsia saa chache zilizopita, bila wao kuzaliana tumboni mwake. Ila viroboto wenye riketsia wakipatikana nyumba kwa nyumba, Xenopsylla wakiwa ndio wengi na panya wa nyumba hizohizo wakiwa na kingamwili, hakuna shaka iliyobaki: mzunguko upo, na watu wanalala ndani yake.

Vifaa vya kazi hii haviko mbali. Ifakara ina taasisi ya utafiti wa afya iliyoanzia katika maabara ndogo ya Waswisi iliyoanzishwa na Rudolf Geigy katika miaka ya 1950. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichojenga moja ya vituo vikongwe vya elimu ya panya barani Afrika. Viroboto ndani ya ethanoli husafiri bila barafu, hata barabara ya Lupiro inapokuwa tope, na tangu daraja la mto Kilombero lizinduliwe mwaka 2018 hawangoji tena kivuko. Umuhimu wa kupeleka sampuli mapema ulionekana Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Homa isiyojulikana ilishika watu ishirini na kuua watatu. Minong'ono ilikuwa mingi hadi maabara ilipotaja homa ya mgunda, ugonjwa mwingine ambao panya huubeba.

Jibu la maabara linapaswa kufika sehemu mbili. Kwanza ni chumba cha daktari. Mgonjwa mwenye homa, kipimo cha haraka cha malaria kikiwa hakijaonyesha kitu, mara nyingi hupewa dawa za jamii ya penisilini au sindano za seftriaksoni. Dawa hizo hazimgusi riketsia. Inayomuua ni doksisaiklini, dawa ya bei nafuu, na homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku mbili tatu. Daktari anayejua kwamba viroboto wa Mtimbira wamepatikana na Rickettsia typhi ataikumbuka dawa hiyo mapema, bila kungoja damu ya pili isiyokuja. Wengi hupona hata wasipotibiwa, lakini wapo wanaofika kwenye mapafu kujaa, ubongo kuvimba na figo kushindwa, na baadhi yao hufa.

Pili ni ofisi ya afya ya wilaya, na hapa utaratibu wa kazi una hatari yake. Panya wakiuawa kabla ya viroboto, viroboto wenye njaa huhama mizoga na kumtafuta aliye karibu, naye ni mtu aliyelala. Kwa hiyo dawa ya viroboto hutangulia, na mitego na sumu hufuata. Marekani mwaka 1944 iliandikisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa tifasi hii. Unga wa DDT ulipotimuliwa kwenye mapito ya panya na mashimo yao, kisha panya wakaangamizwa na maghala kuzibwa, hesabu ikashuka hadi kama mia kwa mwaka ilipofika katikati ya miaka ya 1950. Leo DDT ina masharti makali, na badala yake hutumika unga wa dawa za jamii ya pareto, ukiwekwa ukutani panapopita panya na midomoni mwa mashimo, mbali na chakula na watoto. Magunia huinuliwa juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na vitanda.

Halafu mitego hurudi katika nyumba zilezile. Viroboto huhesabiwa upya kwa kila panya, na waliopatikana hupelekwa PCR. Panya wakubwa hawasaidii sana wakati huu, kwa kuwa damu yao bado inasimulia ya zamani. Wanaotafutwa ni wadogo, waliozaliwa baada ya dawa kupulizwa na waliokwisha kupita zile wiki za kwanza ambazo hubeba kingamwili za mama zao. Damu ya hao ikikosa kingamwili, kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, basi mzunguko umekatika. Ikiwa nazo, upulizaji hurudiwa.